Orrin Halvorsen na Nafasi Aliyoifundisha kwa Mkono Wake

Orrin Halvorsen alikuwa na sura ambayo watu waliifahamu, lakini jina lake hawakulijua. Akiingia duka la dawa pale Van Nuys, kitongoji kisicho mbali na Hollywood, kununua sigara, mama mmoja angemkodolea macho kisha amuulize, "Samahani bwana, si wewe uliyemtibu mbwa wangu?" Mwingine angeapa kwamba alimwona benki, nyuma ya dirisha. Orrin angetabasamu na kukubali, maana kukana kulichukua muda. Ukweli ni kwamba walikuwa wamemwona kwenye sinema. Alikuwa hakimu, alikuwa daktari, alikuwa mzika maiti, alikuwa karani wa hoteli anayemnong'oneza steringi kwamba kuna bibi anamsubiri ghorofani. Kwa miaka kumi na sita studio ilimlipa ili aingie mlangoni, aseme maneno manne, atoke. Wala hakulalamika.

"Steringi analiwa na kamera," alikuwa akimwambia mkewe, Verna. "Mimi inanilamba tu. Nitadumu."

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Clifford Maddern. Walikutana mwaka wa 1926 katika kundi la michezo ya kuigiza lililozunguka vijiji vya Kansas na hema lake. Walilala chumba kimoja, wakavaa suti moja kwa zamu: leo anayekwenda kumbembeleza mwenye nyumba ndiye anayeivaa. Orrin ndiye aliyetangulia Hollywood, na ndiye aliyewaangukia wakubwa wa studio mpaka wakamchukua Cliff kufundisha waigizaji matamshi. Cliff hakukaa hapo. Alipanda kama maziwa jikoni. Baada ya miaka sita alikuwa mwongozaji, ana bwawa la kuogelea, na kila Jumapili Orrin na Verna walikula kwake.

Basi mwaka wa arobaini na saba Orrin alipata kile ambacho waigizaji wa maneno manne hukiota. Ukumbi mdogo wa viti mia na ishirini ulimpa mchezo mzima aubebe peke yake. Ulikuwa mchezo wa mlinzi wa ishara za reli, anayechelewa kushusha ishara dakika moja tu, treni mbili zinagongana, na yeye anabaki hai kuyasikiliza majina ya waliokufa. Aliyeuandika hakumjua Orrin wala ukoo wake. Lakini Orrin aliposoma ukurasa wa kwanza ilibidi akae chini, kwa sababu baba yake mzazi, Nils Halvorsen, alikuwa mlinzi wa ishara katika mji mdogo wa Nebraska, na mwaka wa 1911 watu kumi na mmoja walikufa mbele ya kibanda chake.

Nils hakufungwa. Alifukuzwa kazi, na mji ukaacha kumsalimia. Kwa miaka tisa iliyobaki ya maisha yake alikaa mezani jikoni, na kila mara kabla ya kusema neno lolote, hata kuomba chumvi, aliweka kiganja juu ya meza, akakituliza pale kama anayesikiliza kama treni inakuja. Akishasikia kwamba haiji, ndipo husema. Mkewe, Ingeborg, hakuwahi kuutaja mkono ule mbele ya mtu. Orrin naye hakuwahi kuutaja. Ila jukwaani, usiku wa kwanza, kabla ya mstari wake wa kwanza, kiganja kilikwenda mezani chenyewe.

Mchezo ulidumu miezi kumi na minne. Watu walitoka wakilia, na hakuna aliyemuuliza kama alimtibu mbwa wake. Mamake hakupata habari. Alikuwa mbali, na Orrin alijiambia angemweleza siku moja, ana kwa ana.

Krismasi ya mwaka wa arobaini na nane ilipopita, Cliff alimfuata nyuma ya jukwaa, macho mekundu, akamkumbatia kwa nguvu mpaka rangi ya usoni ikamchafua kola.

"Studio imeununua," alisema. "Mimi ndiye naongoza. Na hii nafasi ni yako, Orrin. Asiyetaka na anywe sumu."

"Cliff, wale wakubwa wanataka sura ya kubandika ukutani."

"Wakubwa niachie mimi. Wewe nilikuacha lini?"

Mwezi Februari wakapiga filamu ya majaribio. Kwa kawaida majaribio ni dakika tano: simama, geuka, sema, ahsante. Cliff alipiga asubuhi nzima. Alimpiga Orrin picha kwa mbali, akampiga kwa karibu, akapiga kiganja peke yake juu ya meza kutoka pande tatu. Orrin alitoka pale anaelea kwa furaha. Verna alimwona akishuka garini akajua bila kuuliza.

Wiki iliyofuata Cliff akaja na ombi. Nafasi ya kaka wa mlinzi amepewa Royal Stanfield. Huyu Stanfield alikuwa steringi wa kweli, wa kuruka kuta za ngome na upanga mdomoni, lakini sasa ana miaka arobaini na sita na mshipi wa suruali umeanza kumbana. "Hajawahi kugusa jukwaa maishani mwake," Cliff alisema. "Anaogopa. Msaidie, ndugu yangu. Mfanyishe mazoezi kwako, taratibu, watu wasimwone."

Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, gari refu la kijani lilisimama mbele ya kile kijumba cha Van Nuys. Stanfield alikuwa mtu mwema, tena mwenye adabu. Alimletea Verna maua, akala pai yake, akaosha na sahani. Kisha angekaa mezani na kuuliza.

"Hapo unapoweka mkono, Orrin, unahesabu?"

"Sihesabu. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

Na Orrin, ambaye hakuwahi kumwambia hata mkewe yote, alimweleza. Alimweleza kibanda, barafu kwenye waya wa ishara, na majina yale kumi na moja. Alimweleza jinsi baba yake alivyokuwa akivua kofia akipita mbele ya stesheni, hata kama hakuna mtu. Mtu akikuuliza jambo ambalo umelibeba miaka thelathini, tena akuulize kwa upole, utafanyaje?

Wiki ya tano, Verna alisubiri gari la kijani liondoke.

"Huyu bwana anaigiza kaka?"

"Ndiyo."

"Mbona hajasoma hata mstari mmoja wa kaka?"

"Anazoea mchezo kwanza."

"Anazoea mkono wako, mzee. Anautazama kama paka anavyotazama samaki."

"Verna, usianze. Ni Cliff aliyemleta."

"Najua ni Cliff. Ndiyo maana nasema."

Orrin alikasirika, na Orrin hakuwa mtu wa kukasirika. Alimwambia kwamba mwanamke anayeona mwizi kwenye kila kichaka atakuja kuibiwa na mumewe. Yalikuwa maneno ya ovyo, na aliyajutia kabla hayajamaliza kutoka.

Mwezi Aprili aliitwa studio kupimwa mavazi. Fundi wa mavazi ya wanaume alikuwa Araxie, mama wa Kiarmenia aliyewavisha wote, wakubwa kwa wadogo, na kujua nani ameongezeka kiuno kabla ya daktari. Alimvisha Orrin koti jeusi la vifungo vya shaba, akapiga magoti kupima mikono, pini zimejaa mdomoni.

"Araxie, umenipa la mtu mwingine. Hili ni la stesheni masta."

Araxie akatikisa kichwa kukataa.

"Mimi ni mlinzi wa ishara, mama. Nina koti bovu, la viraka."

Araxie alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, zote, mpaka ya mwisho. Kisha akaelekeza kidole kwa sanamu la kushonea lililokuwa kwenye kona. Lilikuwa limevaa koti kuukuu, viwiko vimetiwa viraka, na kifuani limebandikwa kadi: STANFIELD.

"Nilidhani wamekuambia," alisema.

"Vipimo vyake ulipewa lini?"

"Mbona unaniuliza, Orrin? Mimi fundi tu."

"Lini, mama?"

Akafungua daftari lake, ingawa hakuhitaji kulifungua. "Tarehe tisa Februari."

Filamu ya majaribio ya Orrin ilipigwa tarehe kumi na moja.

Alivuka kiwanja cha studio akiwa bado amevaa koti la vifungo, pini zinamchoma makwapani. Watu walimsalimia wakidhani yuko kazini. Cliff alipomwona mlangoni alimwambia katibu wake atoke, akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Nilikuwa nataka kukuambia mwenyewe."

"Niambie."

"New York walikataa. Wenye pesa wanasema kwa jina lako hawatajaza hata choo. Nilipigana, Orrin. Waulize."

"Sikuulizi New York. New York sikupata kulala nao kitanda kimoja. Nakuuliza wewe. Siku ile ulipoupiga picha mkono wangu kutoka pande tatu, ulikuwa unajua?"

Cliff akatazama dirishani.

"Na uliponiletea yule mtu jikoni kwangu, ulikuwa unajua?"

"Ingekuwa filamu mbaya bila wewe," Cliff alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuhurumiwa. "Yule hana kitu. Anahitaji mtu wa kumtazama. Nilifikiri, angalau kazi yako itaonekana. Watu milioni watakuona."

"Wataniona wapi?"

Cliff alisema stesheni masta ana maonyesho mawili mazuri, siku saba za kazi, na kwamba Orrin akikataa, mkataba unawaruhusu wamsimamishe bila mshahara na asifanye kazi popote. Alilisema hilo kwa upole pia.

Orrin alikubali. Wengi walimlaumu baadaye, na Verna alikuwa wa kwanza. Lakini yeye alikuwa ameigiza tangu ana miaka ishirini na hakujua kazi nyingine, na nadhani kuna kitu ndani yake kilichotaka kuona kwa macho.

Aliona. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya onyesho kubwa, mlinzi yuko mezani, stesheni masta amesimama mbele yake na karatasi ya majina. Stanfield aliweka mkono mezani, akasema mstari wake. Cliff akasema rudia. Wakarudia mara tisa. Mkono ulikuwa mkono tu, umewekwa mezani kama glavu iliyosahauliwa. Jasho lilimtoka Stanfield mpaka wakampaka poda upya. Hakumwangalia Orrin usoni hata mara moja.

Cliff alimjia Orrin taratibu, akamshika bega.

"Mwonyeshe mara moja tu. Mbele yake. Mara moja."

Mafundi wa taa walisikia. Mmoja aliyekuwa juu ya ngazi aligeuza uso ukutani.

"Mimi hapa ni stesheni masta," Orrin alisema. "Stesheni masta hajapata kufika nyumbani kwa yule mlinzi."

"Orrin, nakuomba."

"Karatasi yangu ninayo, mistari yangu naijua. Mkiwa tayari niambieni."

Kwa muda mfupi sana Orrin alijiona mtu aliyeshinda. Cliff alimtazama, akaitazama saa yake, akatangaza chakula cha mchana mapema. Kisha akamshika Stanfield mkono, na wote wawili wakaelekea, si kantini, bali kile chumba kidogo cha giza ambako filamu huonyeshwa.

Orrin alielewa alipokuwa na kijiko mkononi. Asubuhi nzima ya Februari. Pande tatu. Hawakuhitaji tena akubali. Walikuwa naye ndani ya kopo la filamu.

Saa saba na nusu wakarudi. Stanfield akakaa, akaweka kiganja mezani, akasikiliza. Orrin alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake na karatasi ya majina, na aliyekaa pale alikuwa Nils Halvorsen, na bega lake lililoinama, na kope zake. Akasema mstari wake. Orrin akasema wa kwake. Cliff alilia waziwazi, akasema hiyo hiyo, chapeni hiyo.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Magazeti yaliandika kwamba Royal Stanfield amezaliwa upya. Alipewa tuzo, akawashukuru mwongozaji, mke na Mungu. Gazeti moja lilitaja kwamba stesheni masta alikuwa mkavu kiasi.

Hayo yote Orrin aliyameza. Lililomkwama kooni lilikuja kwa simu, Jumatatu moja asubuhi. Ingeborg hakuwa na simu. Alikuwa amekwenda kupiga dukani, na nyuma yake kengele ya mlango ilikuwa ikilia kila mteja akiingia.

"Nilimwona baba yako juzi," alisema.

"Mama."

"Jumamosi, kwenye sinema. Mji mzima ulikuwepo. Akina Petersen walikuwepo, wale waliomzika binti yao. Walinigeukia kunitazama, Orrin."

"Mama, nisikilize. Si mimi niliye..."

"Ule mkono aliuweka juu ya meza yangu. Nani aliujua? Mimi na wewe. Mimi sikumwambia mtu."

Orrin angesema nini? Kwamba aliibiwa? Aliibiwa kweli. Lakini mwizi hakuukuta mkono ule jikoni Nebraska. Aliukuta jukwaani, ambako Orrin mwenyewe alikuwa ameuweka miezi kumi na minne, na watu wakampigia makofi.

"Ni mimi, mama," alisema hatimaye.

"Haya," Ingeborg alisema. "Kuna watu wanataka simu."

Majira ya baridi yaliyofuata alikufa. Orrin alifika akamkuta bado hai; mazungumzo yao yote yalikuwa ya barafu na bei ya mkaa.

Studio ilimwacha mwaka wa hamsini na moja, yeye na wengine arobaini, kwa sababu watu walikuwa wanakaa nyumbani kutazama televisheni. Aliuza misumari na rangi katika duka la shemeji yake miaka mitatu. Halafu televisheni hiyohiyo iliyomfukuza ikamwita: mchezo wa wiki wa wachunga ng'ombe, yeye awe mwenye duka la mji. Aliuza misumari ya kuigiza badala ya ile ya kweli, na kwa mara ya kwanza watoto mtaani walimwita kwa jina, ingawa lilikuwa jina la yule mwenye duka.

Asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na nane alifika kazini akakuta mwongozaji wa wiki ile ni Cliff Maddern.

Cliff alikuwa amezeeka vibaya. Filamu tatu zilimwangusha, pombe ikamalizia, na sasa aliajiriwa kwa siku, kupiga picha farasi wa kukodi wakikimbia. Stanfield alishaacha kazi na kuhamia kwenye shamba lake la machungwa. Waigizaji vijana hawakujua lolote. Walimwona mwenye duka, anayetania kila mtu, akisema tu, "Ndiyo, Bwana Maddern. Nimekuelewa, Bwana Maddern," siku nzima, bila kukosea hata alama moja ya chaki aliyotakiwa kusimama juu yake.

Mchana Cliff alikuja na sahani yake ya maharage akakaa naye kivulini.

"Wewe uliniita Cliff hata nilipokuwa sina viatu."

"Ndiyo, Bwana Maddern."

"Nisamehe, Orrin. Nimekuwa nikitaka kusema hilo miaka tisa."

"Kuna kitu nataka kukuuliza," Orrin alisema. "Ile filamu ya majaribio. Iko wapi?"

Cliff aligeuzageuza maharage. "Walisafisha ghala, mwaka wa hamsini na tatu. Filamu za zamani waliziyeyusha. Kuna madini ya fedha kidogo ndani yake, wanaiuza kwa ratili."

"Yote?"

"Yote. Niliambiwa siku moja kabla. Ningeweza kwenda kuichukua." Akasukuma sahani kando. "Sikwenda."

Orrin alimaliza chakula chake, akapangusa kinywa, akasema lazima akajipake rangi kabla jua halijageuka. Jioni Verna alimuuliza kama amemsamehe. Alisema hakujua. Alisema alichotaka ni kuchukia vizuri, moyo mmoja, lakini alipomwona anavyogeuzageuza yale maharage hata hilo lilimshinda, na akaona Cliff amemnyang'anya hilo pia.

Cliff alikufa miaka minne baadaye. Mjane wake alimpigia Orrin simu: hakuna aliyebaki aliyemjua tangu mwanzo, je, atasema maneno machache? Verna alimwambia asiende. Alivaa suti akaenda.

Kanisani walikuwa watu kama thelathini. Orrin alisimama mbele, na kwa kuwa alikuwa mwigizaji, sauti yake ilifika nyuma bila kipaza sauti. Aliwasimulia jinsi alivyougua mapafu katika kijiji kimoja cha Kansas, na Cliff akatembea maili kumi na moja kwenye theluji kumtafuta daktari, akarudi na daktari wa mifugo kwa sababu ndiye pekee aliyekuwepo, na yule daktari akamtibu kama ndama, akapona. Watu walicheka, mjane akacheka akilia. Aliwasimulia suti ya zamu, na siku Cliff alipoongoza filamu yake ya kwanza akatapika nyuma ya gari. Alisimulia mwaka baada ya mwaka, vizuri, kwa mapenzi, mpaka akafika Krismasi ya mwaka wa arobaini na nane, ya mwisho kabla ya ile filamu ya majaribio, wakila bata mzinga kando ya bwawa, Cliff amevaa kofia ya karatasi.

Hapo akanyamaza. Watu walisubiri, wakidhani amezidiwa na majonzi. Mchungaji akamsogezea glasi ya maji. Orrin alimshukuru, hakunywa, akateremka akarudi kukaa kando ya Verna.